Bibo la Sementi na Ukuta wa Ghala: Sanaa ya Nje Kwenye Mji Mdogo

Vijana wanaochora na kufinyanga wananipigia sana simu kuniuliza ile kazi ya Kusini niliipataje na ilinilipa kiasi gani. Nimechoka kujibu nusu nusu, kwa hiyo naandika yote hapa, hela zikiwemo. Jina la mji nitaliacha, maana baadhi ya nitakaowasema wako ofisini hadi leo na mimi bado nawadai. Jueni tu kwamba ni mji mdogo wa korosho: lami moja, stendi, soko, msikiti wa Ijumaa, kanisa la misheni, na maghala mengi kuliko nyumba za wageni.

Kazi zilikuwa mbili ndani ya mkataba mmoja, mwaka 2024. Ya kwanza, sanamu katikati ya kipilefti ndogo ya kuingilia stendi. Ya pili, kuchora ukuta wa nje wa ghala la chama cha msingi cha ushirika wa korosho, upande unaotazama soko, urefu wa kama mita 30. Aliyenitafuta ni afisa utamaduni, kijana mwenye bidii aliyeona picha zangu kwenye simu ya mtu. Fedha zilichangwa na halmashauri, chama cha ushirika na kampuni moja ya pembejeo, lakini zote zilipitia mlango mmoja wa halmashauri. Mlango huo mmoja ukumbukeni, nitaurudia.

Michoro niliyoonyeshwa siku ya kwanza ilikuwa tayari imeamuliwa mezani: sanamu ya mama amebeba tenga la korosho kichwani, kimo cha mita tatu. Nikafinyanga kielelezo kidogo cha udongo, kikapendwa ofisini, picha zikapigwa. Mimi ndiye niliyeomba tukipeleke mtaani kabla ya kununua hata nondo moja. Afisa akasema hakuna haja, kibali kipo. Nilisisitiza kwa sababu mwezi uleule wa Agosti watu walikuwa wanacheka kwenye simu zao picha za sanamu za wanariadha zilizowekwa Eldoret, Kenya, hadi zikaondolewa. Na mwezi wa pili tulikuwa tumetoka kwenye mjadala wa sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Addis Ababa, Umoja wa Afrika, kama imefanana naye au haikufanana. Kwenye mji mkubwa sanamu mbaya hupotea kati ya mabango na daladala. Kwenye mji wa kipilefti moja, mtu anaipita asubuhi akienda sokoni na jioni akirudi, miaka yote.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mtaa. Nilikiweka kielelezo juu ya meza. Mzee mmoja wa msikitini alikitazama kwa muda, akauliza kitakuwa na ukubwa gani, nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, ukichora ukutani, hiyo ni picha. Hiki kinasimama, kina kivuli chake. Sisi kwetu kiumbe chenye kivuli kuchongwa kwa mkono kina maneno mengi."

Hakukasirika wala hakupaza sauti. Wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono, wachache wakapinga, kijana mmoja wa bodaboda akauliza mbona Dar es Salaam sanamu ya Askari ipo tangu 1927 na hakuna aliyekufa. Mzee akamjibu kwamba ile iliwekwa na Mwingereza na wala hakuulizwa mtu. Hapo nikaona heri tumeuliza. Kama tungeisimamisha kwa nguvu ya barua, ingekuwa sanamu ya halmashauri, na kitu cha halmashauri kinarushiwa mawe bila huruma.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa amesimama pembeni na beseni lake. "Si mtuwekee bibo? Bibo halina macho, na hakuna wa kulisujudia." Bibo ni lile tunda la mkorosho ambalo korosho hukaa chini yake. Watu wakacheka, lakini wazo likakaa. Mzee mwingine akaruka: bibo maana yake uraka, pombe ya mabibo, mnataka wageni wakishuka kwenye basi wajue kwamba hapa ni kwa walevi? Tulizunguka hapo mpaka adhana ya Alasiri. Mwisho wakakubaliana liwe bibo, ila korosho yake ionekane vizuri na iwe kubwa kupita kiasi, kwa kuwa korosho ndiyo inayosomesha watoto.

Kuna mtu aliyesema pale kwamba sanaa za nje ni mambo ya mijini na ya Wazungu. Nilimjibu, na ninyi mtakutana naye kwenye kila mkutano, kwa hiyo mjiandae. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iko porini na vijijini tangu enzi zisizokumbukwa, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa mtindo unaojulikana duniani, alitoka Tunduru, si Oysterbay. Na bibi zetu wa Kimakonde na Kimakua walipiga michoro ya mkaa, chokaa na udongo mwekundu kwenye kuta za nyumba za tope. Mzee wa uraka ndiye aliyemaliza ubishi, akasema nyumba ya mama yake ilikuwa na michoro hiyo na alichapwa kwa kuiparua.

Sasa vibali. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, barabara za ndani ya mji chini ya TARURA, na kipilefti yetu ilikuwa inapakana na zote mbili, kwa hiyo barua zilikwenda kote. Kilichochukua muda ni kwamba kila ofisi ilitaka kuona ya mwenzake imegongwa muhuri kwanza. Mhandisi alikuwa na hoja ya maana: hakutaka kitu kirefu na kipana kinachomziba dereva asione gari linalotoka kulia. Bibo likatuokoa tena. Badala ya kulisimamisha, nilililaza ubavu, urefu mita 2.4 na kimo mita 1.3 tu. Nililitaka lilale vilevile kwa sababu zangu. Korosho hukaa chini ya bibo, na ukilisimamisha kama linavyoning'inia mtini, uzito wote unakaa juu ya korosho. Likilala, watoto wanapanda, wazee wanaegemea.

Upande wa ukuta, kabla ya ghala tulionyeshwa ukuta mwingine mzuri zaidi, laini, karibu kabisa na lami. Ulikuwa na X nyekundu iliyofifia, alama ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati, na nyumba nyingi za miji yetu midogo zimo ndani ya hiyo hifadhi. Msichore ukuta wenye X hata mwenye nyumba akikuapieni kwamba wameshasahau. Hawasahau.

Nikiwa kwenye kusubiri mihuri ndipo nilipousoma vizuri mfano wa Echigo-Tsumari, Japani, mkoa wa Niigata. Ni eneo la milima na mashamba ya mpunga ambako vijana walihamia mijini wakabaki wazee, na tangu mwaka 2000 kunafanyika tamasha la sanaa kila baada ya miaka mitatu, kazi zikiwa zimetawanyika mashambani, kwenye nyumba zilizohamwa na shule zilizofungwa. Mwanzilishi wake, Fram Kitagawa, alitumia miaka kadhaa kuzunguka vijiji akibishana na watu kabla ya tamasha la kwanza. Kazi moja maarufu ni ya Ilya na Emilia Kabakov, sanamu bapa za wakulima zilizowekwa kwenye matuta ya mpunga. Mwenye shamba alikataa mwanzoni, hakuona kwa nini wageni wachezee shamba la wazazi wake. Alikubali baada ya kuonyeshwa kwamba kazi ile inahusu jasho la kulima matuta yale. Nilifarijika kujua kwamba hata wenye fedha za Japani wanakaa chini ya miti yao kusikiliza wazee.

Kazi ya mikono ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Mjini nimezoea mafundi wangu, ila safari hii nilimchukua fundi wa palepale, anayejenga makaburi ya terazo. Nawaambieni kweli, hakuna anayejua kulainisha sementi kwenye mzunguko kama fundi wa makaburi. Tulisuka mifupa kwa nondo za milimita 10 na ringi za milimita 6, tukafunga juu yake wavu wa kuku wa tabaka mbili, tukapiga plasta ya sementi moja kwa mchanga mbili, ngumu, maji kidogo. Mchanga uwe wa mtoni na uchekechwe. Wa pwani una chumvi na nondo zitaoza ndani kwa ndani. Nondo ifunikwe walau sentimita mbili na nusu. Bibo letu ni tupu katikati, kwa hiyo tuliacha matundu chini ya kutolea maji, la sivyo linageuka tangi. Halafu magunia yaliyoloweshwa juu yake, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima na zaidi. Jua la Oktoba Kusini halina mchezo, plasta isiyomwagiliwa inapasuka kama midomo yenye homa.

Rangi ya bibo hatukupaka. Tulichanganya redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya unga, kwenye plasta ya mwisho, isizidi asilimia 10 ya uzito wa sementi, maana ukizidisha plasta inakuwa dhaifu. Kitu kitakachokaliwa na makalio ya watoto hakipakwi, kinachujuka kwa msimu mmoja.

Kwenye ukuta ndiko rangi ilipotuletea siasa. Nilichora mikorosho kutoka upande hadi upande, majani ya kijani, mabibo ya njano. Nilikuwa nimefika nusu pale kundi la vijana liliposimama nyuma yangu, mmoja akasema, "Dada, na wewe umeshaanza kampeni?" Sikumwelewa mpaka niliposhuka jukwaani na kuutazama ukuta kutoka sokoni. Kijani na njano, mita 15, na uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 Novemba. Hata mpita njia asiyejua kusoma angekuambia hicho ni chama gani. Jioni ile akaja na mwingine wa upande wa pili, akanisifia kwa furaha nyingi mno, akaniuliza kama naweza kuongeza jembe na nyundo kidogo pembeni.

Mabibo yako ya njano na yako mekundu. Nikachanganya, nikaweka na majani makavu ya kahawia, mbingu ya jioni yenye zambarau. Wa zambarau nao wana chama chao, lakini nilikuwa nimechoka. Ukipata kazi mwaka wa uchaguzi, angalia rangi za vyama vyote kabla hujafungua ndoo. Na jambo kubwa kuliko rangi: mwenyekiti wa mtaa aliyetukubalia kila kitu hakurudi baada ya uchaguzi. Mpya alitaka aelezwe upya, na alikuwa na haki. Tuliponea kwa muhtasari wa mkutano wenye sahihi za wajumbe na wazee. Makubaliano ya mdomo na kiongozi mmoja yanakwisha siku anayotoka ofisini.

Kuhusu ukuta wenyewe, ya ufundi machache. Plasta mpya isubiri siku 28 ndiyo ipakwe praima, kwa kuwa sementi mbichi inaila rangi. Wekundu na njano za bei rahisi zinapauka na jua, ila zile za udongo na oksaidi zinadumu, kwa hiyo sehemu unazotaka zionekane baada ya miaka mitano zichore kwa hizo. Mita moja ya chini usichore kitu cha thamani. Hapo ndipo magadi yanapopanda kutoka ardhini, baiskeli zinaegemezwa, mbuzi wanajisugua. Mimi niliacha kahawia tupu. Ukuta ule ulikuwa na maandishi ya zamani ya "Usikojoe hapa, faini 50,000", na wafadhili walinieleza kwa hamasa kwamba sanaa itawafanya watu waheshimu mahali. Waliendelea kukojoa kwenye kona mpaka chama cha ushirika kilipoweka taa.

Kampuni ya pembejeo ilitaka nembo yake, mita mbili kwa mbili, katikati ya mikorosho. Niliwakatalia kwa sababu ambayo haikuhusu usanii: nembo ikiingia, mchoro unakuwa bango, na bango linalipiwa ada kila mwaka. Nani atalipa? Waliridhika na jina kwenye kibao kidogo, pamoja na jina la fundi wa makaburi, ambalo halmashauri ilitaka liachwe. Nilikomaa nalo.

Sasa nieleze lililoniumiza. Katikati ya ukuta nilimchora bibi mmoja akibangua korosho. Nilimpiga picha kwa ridhaa yake, akaweka dole gumba kwenye karatasi, na picha ilipokamilika alikuja na wajukuu kujitazama, akasema nimempunguza makunyanzi. Mwaka uliofuata akafariki. Katibu wa chama cha ushirika akanipigia: binti yake anaomba uso ufunikwe mpaka arobaini ipite, hawezi kupita sokoni akamkuta mama yake anamtazama. Wakafunika kwa turubai. Baada ya arobaini familia ikagawanyika. Kaka mkubwa alitaka uso ufutwe kabisa, binti sasa akitaka ubaki. Nilikwenda kwa nauli yangu, nikakaa nao mkekani, nikawaambia lolote watakaloamua nitalifanya siku hiyohiyo. Wakaamua ubaki. Lakini nililia kwenye basi la kurudi, na sijui kama nililia kwa ajili yao au kwa kuona jinsi karatasi yangu yenye dole gumba ilivyokuwa haina maana kwa watu waliofiwa. Ridhaa ya mzee iende pamoja na ya watoto wake, na iseme waziwazi picha itafanywaje akitangulia. Mimi siku hizi kwenye kuta za nje nachora mikono na migongo, nyuso naziacha.

Hela. Mkataba ulikuwa wa shilingi 9,800,000. Rangi na praima zilikula 2,600,000, sementi 374,000, nondo, wavu na waya 610,000, mchanga 120,000, mirunda na mbao za jukwaa 350,000. Fundi na vibarua 1,900,000. Malazi, chakula na nauli zangu 1,150,000. Mikutano, yaani viti, soda, nauli za wazee wa mbali na kurudufu karatasi, 420,000, na hiyo haikuwemo kwenye bajeti yoyote. Jumla 7,524,000. Nililipwa asilimia 90 tu, yaani 8,820,000, na juu yake ikakatwa kodi ya zuio asilimia 5. Mkononi 8,379,000. Toa matumizi, nikabaki na 855,000 kwa kazi ya karibu miezi minne. Fundi wangu wa makaburi alipata zaidi kwa mwezi, naye alistahili.

Laiti fedha za ushirika zingekuja kwangu moja kwa moja, ningekuwa nimeshalipwa zote, maana katibu wao alizitoa mapema. Zilikwama kwenye ule mlango mmoja. Wachangiaji wakiwa watatu, andikeni mikataba mitatu, hata kama kuna mtu atakuambia ni usumbufu. Weka "mikutano na ushirikishwaji" kama mstari wake kwenye bajeti. Jiandikishe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na uwe na TIN kabla ya kuomba kazi, maana bila hivyo hata barua ya kwanza haipokelewi.

Na matunzo. Boga la njano la Yayoi Kusama lilikaa kwenye gati la kisiwa cha Naoshima tangu 1994, Agosti 2021 dhoruba ikalizoa baharini, na walilirudisha Oktoba 2022 kwa sababu kulikuwa na taasisi nyuma yake. Bibo letu halina taasisi. Kuna chama cha ushirika, kwa hiyo niliwaachia ndoo za rangi zilizobaki zikiwa zimeandikwa kwa kalamu zimetumika wapi, mfuko wa redi oksaidi, na nikamlipa fundi amfundishe kijana mmoja wa ghala kuziba nyufa. Kila mwaka kabla ya mnada wa kwanza wanaosha ukuta na kugusia palipobanduka. Gharama yao haizidi 150,000. Niliomba hiyo iingie kwenye bajeti ya halmashauri, nikaambiwa hakuna kifungu.

Mwezi uliopita walinipigia kutoka wilaya ya jirani, nao wanataka kipilefti. Nimewatumia masharti yangu: mkutano wa mtaa kwanza, malipo ya mwisho yawekwe benki kabla sijaanza, na hakuna uso wa mtu. Wamejibu kwamba mawili ya kwanza wanakubali, la tatu waheshimiwa wanalijadili. Ile asilimia 10 ya bibo, shilingi 980,000, bado naisubiri.